Shangazi, mume wangu anataka tubaki Ujerumani miaka mitatu mingine na mimi nimechoka

Shikamoo Shangazi. Safu yako nilianza kuisoma nikiwa bado nyumbani, sikuwahi kuwaza kuna siku na mimi ntakuandikia. Naomba usitaje jina langu wala kanisa letu, maana huku watu wanajuana na nyumbani ndo usiseme.

Mimi ni mke wa mchungaji, kwetu ni Machame, nina miaka 37 na watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Miaka miwili na nusu iliyopita mume wangu aliitwa kuja kufanya umisionari Ujerumani, kwenye kamji kadogo sio mbali na Stuttgart. Wengi nikiwaambia wanashangaa, wanasema wamisionari si ndo wanatoka huko kuja kwetu? Siku hizi makanisa yanabadilishana watumishi, wa kule anakuja huku na wa huku anaenda kule. Siku ya kuagwa watu walijaa mpaka nje ya kanisa, mama yangu akanifunga kitenge kiunoni akalia, akasema nenda mwanangu, Mungu ametuheshimisha.

Shangazi mimi ni nesi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 11, hospitali ikanipa likizo bila malipo miaka mitatu nimfuate mume wangu. Huku cheti changu hakitumiki mpaka kitambuliwe rasmi na niwe na Kijerumani cha ngazi ya B2, na mimi nimeishia B1. Mume wangu waliotuita walimsomesha lugha miezi sita nzima kabla hajaanza kazi, mimi hakuna aliyeniuliza, mdogo naye mwaka wa kwanza alikosa nafasi chekechea, basi nikawa najifunza kwa simu huku napika.

Wiki ya pili tu tangu tufike nilikuta kibao kidogo kimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu, kimeandikwa Kehrwoche. Nikajua ni salamu ya kutukaribisha, nikakiacha palepale na nikampigia picha mama nikamtumia. Kumbe ni zamu! Ukikuta kibao mlangoni kwako wiki hiyo ni wewe unafagia na kudeki ngazi za wapangaji wote. Jumamosi jioni bibi wa ghorofa ya chini, kama miaka themanini hivi, akagonga, hata salamu hakuna, akanionyesha ngazi kwa kidole. Nilideki usiku ule machozi yananitoka, mimi ambaye wodini kwangu nilikuwa nasifiwa kwa usafi. Huyohuyo bibi baridi ilipoanza alikuja na mabuti ya mtoto kwenye mfuko, akanipa akashuka zake kabla sijasema asante, mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Siku nyingine nilipika chapati nikampelekea mama mmoja wa kanisani, nimeshuka na basi nimegonga kengele saa tisa mchana. Akafungua, akatabasamu, akazipokea, akanishukuru vizuri kabisa, tukaongea tumesimama mlangoni alafu akafunga mlango. Shangazi, mimi kwetu hata muuza mkaa anakaribishwa maji ya kunywa. Jumapili tunakuwa kama thelathini, karibu wote wana mvi, kahawa na keki alafu kila mtu kwake. Ikifika sikukuu ya mavuno au jumapili ya misheni tunaombwa tuvae vitenge wote wanne tuimbe, wanapiga makofi, wanasema vizuri sana, mimi narudi nyumbani nakunja kitenge nakirudisha kabatini na sina mtu wa kumpigia simu mji mzima.

Desemba iliyopita ndo ilinimaliza. Jua linatoka saa mbili na ushee asubuhi na saa kumi na nusu jioni giza totoro. Nikawa silali usiku, mchana nasinzia, chakula hakipandi. Chini ya nyumba kuna chumba cha mashine za kufulia, mimi zamu yangu jumanne, nikawa naweka nguo nakaa pale sakafuni nalia mpaka mashine imalize ili watoto wasinisikie. Mume wangu hajui. Mpaka leo jumanne nashuka.

Kilichonifanya nikuandikie ni binti yangu. Juzi tumempigia bibi yake vidio, mama yangu ana miaka 74 na ana presha, anaishi na dada wa kazi. Akamuuliza mjukuu wake, umekula nini leo mama? Mtoto akaielewa ile, niliona usoni ameelewa, lakini akanigeukia akaniambia kwa Kijerumani, mama sema wewe. Mama yangu akanyamaza kidogo, akasema haya, mpe tu simu mama yako. Sijalala usiku ule.

Sasa mkataba unaisha mwezi wa nane na mume wangu ameombwa aongeze miaka mitatu, ajibu mwisho wa mwezi wa tatu. Yeye anataka, anasema ndo kwanza ameanza kuzoeleka, vijana wa kipaimara wanampenda. Kila nikianza kusema ananiambia tuombe. Tunaomba, tukisema amina anaamka anaenda kuandaa mahubiri. Siku moja walitutembeza Gerlingen, mji aliozaliwa Johannes Rebmann, yule mmisionari aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848, basi tangu siku hiyo nikilalamika ananiambia Rebmann alikaa Afrika Mashariki miaka 29. Hospitali nao wameniandikia niripoti kazini mwezi wa tisa, nisiporipoti niandike barua ya kuacha kazi. Binti akianza darasa la nne hapa ndo mwisho wa mwaka wanawagawa watoto shule tofauti tofauti, wengine njia ya chuo kikuu wengine ya ufundi, na sijui tumuweke wapi kama hatujui tunakaa au tunaondoka.

Nikisema nirudi na watoto yeye abaki, naogopa watu watasema nini na naogopa ndoa yangu. Nikikaa kimya nahisi ntaumwa. Nikimkatalia nitakuwa nampinga Mungu aliyemwita? Nisaidie Shangazi.

Mama wa Wawili, Ujerumani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimeisoma nimesimama maana kukaa nilishindwa.

Ngoja nikurudishie nilivyokusikia, nikikosea unisahihishe. Mmetoka wanne, mwenye kazi akawa mmoja. Yeye ana lugha, ana ofisi, ana watoto wa kipaimara wanaomsubiri. Wewe uliyekuwa na wodi nzima inayokusubiri una mashine ya kufulia siku ya jumanne. Sasa unaambiwa miaka mitatu tena, na ili ikubalike inabidi kazi yako ya nyumbani uiache moja kwa moja. Mama anazeeka, mtoto anahama lugha mbele ya macho yako, na ukitaka kulisema hili linaishia kwenye amina. Nimesikia vizuri?

Kabla ya mambo ya mkataba naanza na huko chini kwenye mashine. Usingizi umepotea, chakula hakipandi, unalia kwa kujificha tangu Desemba na sasa ni Februari. Wewe nesi, mgonjwa angekuja kwako na maelezo haya ungemwambiaje? Usingemwambia avumilie. Giza la msimu wa baridi linawaangusha hata waliozaliwa nalo, na upweke ukiongezeka juu yake unakuwa ugonjwa wenye tiba. Nenda kwa daktari wenu wa familia wiki hii, umueleze hivihivi ulivyoniandikia, B1 yako inatosha kabisa kusema silali na nalia. Na baba watoto aambiwe. Usimwambie kama lawama, mwambie kama taarifa ya mtu anayeumwa ndani ya nyumba yake. Na ukianza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, basi usingoje hata kesho, mwamshe usiku huohuo na muende hospitali. Hili mwanangu nalikazia, mengine yote tutayajadili.

Sasa nikuulize swali ambalo sijaona kwenye barua yako. Wewe ulitumwa, au ulifuatana? Siku ile ya kuagwa, waliposema tunawatuma, walikuombea na wewe kama mtumishi au walikuombea kama mke wa mtumishi? Nauliza kwa sababu umeandika Mungu "aliyemwita", yeye, mmoja. Umeshajitoa kwenye wito kabla hata hujaukataa! Kama wito ni wa nyumba nzima, basi na sauti yako ni sehemu ya kuusikiliza, huwezi kuwa unampinga Mungu kwa kusema kweli unayoiona. Na kama wito ni wa kwake peke yake, basi wanaomwita wajue wameita mtu mwenye mke ambaye naye Mungu alishampa kazi, na kazi yenyewe ni kupokea watoto wanaozaliwa huko wilayani Hai.

Huyo Rebmann mume wako anayemtaja, ni kweli, alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846 akaondoka 1875. Lakini hadithi tuimalizie, aliondoka akiwa kipofu na mwaka uliofuata akafariki. Mke wake Emma alikuwa ameshakufa tangu 1866. Na mwenzake Krapf, naye wa hukohuko upande wa Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844 na mke wake Rosine, na Julai mwaka uleule Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Kaburi la Rosine liko Mombasa. Simtaji ili kumtisha mume wako wala kuwadharau wale, Kiswahili chetu chenyewe kilinufaika na kamusi ya Krapf. Ninamtaja kwa sababu watu wakihesabu miaka 29 wanahesabu ya mwanaume, na mimi nataka mkikaa mezani mhesabu na ya kwako.

Nikwambie na langu. Nimekulia jirani na misheni, kulikuwa na mke wa mmisionari mzungu, mchana anafunga mlango na madirisha anakaa ndani, sisi watoto tukimpelekea parachichi anazipokea mlangoni anarudi ndani. Tulisema ana maringo, mama zetu walisema ana maringo. Nimezeeka ndo nikaanza kujiuliza, yule mama alikuwa na miaka mingapi kwani? Thelathini? Alikuwa na nani wa kuongea naye? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza umelalaje. Nakusimulia hili kwa sababu ya yule wa chapati. Pengine alikukataa kweli, sijui, sikuwepo. Lakini watu wa huko wanapanga kutembeleana siku na saa, na nyumba ambayo haijajiandaa wanaona aibu kuifungua kama wewe ungeona aibu kumpa mgeni kikombe kilichopasuka. Umewahi kumwambia, nije alhamisi saa tisa? Jaribu mara moja tu tuone.

Na yule bibi wa ngazi umempita haraka sana. Ameona miguu ya mtoto wako. Mzee wa miaka themanini hana watoto wadogo ndani, maana yake ama aliyatafuta hayo mabuti ama aliyatoa kabatini kwake, yalikuwa ya mjukuu au ya nani, na akapanda nayo ngazi kuja kwako. Salamu hajui kutoa labda, lakini ninyi nyumbani kwenu hamna shangazi wa aina hiyo, anayegomba huku anakuwekea chakula? Mimi ningeanzia kwake. Mpelekee sufuria dogo la mtori. Sisemi atakuwa ndugu, nasema ni mtu mmoja ndani ya jengo lenu na wewe umesema huna hata mmoja.

Binti. Hapa najua panauma kuliko kote. Lakini umeandika mwenyewe kwamba aliielewa ile ya bibi, basi lugha ipo, imeenda kukaa chini kidogo kwa sababu juu kuna Kijerumani kinachotumika kutwa. Mtoto wa miaka 9 anaona aibu kukosea mbele ya mtu anayempenda. Hata wewe pengine ungeona aibu kuongea Kijerumani kwa daktari. Badala ya kumpa simu ajibu maswali, mpe kazi na bibi yake, bibi amfundishe wimbo, amsimulie hadithi kidogo kidogo kila jumamosi na aikatize pale patamu, mtoto aulize mwenyewe kilichofuata. Na mlio ndani ya nyumba mkubaliane, mezani ni Kiswahili, na baba naye asichanganye hata kama amechoka.

Haya, mkataba. Mkibaki wote miaka mitatu, kazi yako ya nyumbani inakwenda, na sidhani ni haki uitoe bila kupata kitu mkononi. Swali ni kama wanaomhitaji mume wako wako tayari kukulipia lugha mpaka B2, kukusaidia cheti kitambuliwe, na kuwapa nauli ya kwenda nyumbani mama akizidiwa. Yaandikeni kabla ya sahihi, baada ya sahihi hakuna anayekumbuka. Na hata wakikubali yote, binti atarudi ana miaka 12 kuingia kwenye masomo ambayo wenzake wameanza zamani, hilo nalo lina bei yake.

Mkirudi wote mwezi wa nane, unapata wodi yako na mama yako. Lakini mume aliyerudi kwa kushindwa kukataa anaweza kukaa Machame huku moyo uko kwingine, na siku mkigombana kwa ajili ya chumvi atakwambia wewe ndo ulinirudisha. Halafu nyumbani napo si palepale ulipopaacha, wenzako wodini wamepandishwa vyeo, ndugu wanasubiri mtu aliyetoka Ulaya na mabegi, na binti ataingia darasa la watoto sitini anaitwa mzungu. Atazoea, wengi wanazoea, ila usiende ukidhani unarudi kupumzika.

Hili la kurudi na watoto yeye abaki ndilo nimelikalia muda mrefu. Kuna ndoa zimevuka hivyo na kuna zilizofia hapo, nimepokea barua za aina zote mbili. Zilizovuka nilichoona ni kwamba wawili walikubaliana muda unaojulikana, na sababu ilikuwa ya kazi au ya mgonjwa. Mtu akiondoka kwa sababu hakusikilizwa, anafika kule bado hajasikilizwa, na sasa kuna bahari katikati. Watu watakachosema sikipi uzito, wamesema tangu enzi. Ila jiulize wewe mwenyewe usiku ukiwa peke yako, ukiwaza kurudi bila yeye, unachokiona kwanza ni mama na wodi, au ni kupumzika mbali na mume? Jibu lake usiniandikie mimi, ila lijue.

Kuna na njia ya katikati ambayo hujaitaja, kuongeza mwaka mmoja badala ya mitatu, na kuandikia hospitali kuomba likizo iongezwe mwaka huo. Wanaweza kukataa pande zote mbili. Lakini nani ameuliza? Kama ni mwaka mmoja basi shule ya binti ichaguliwe kwa kujua anaondoka, hata akipelekwa njia hii au ile haimfungi maisha, huko wanaruhusu kuhama baadaye.

Ninachokuomba ni jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Mwambie baba watoto, leo sitaki tuanze na maombi, leo nataka tuongee kwanza alafu tutaombea tulichoongea. Mwambie kwa heshima, yeye ni mchungaji, anakaa na watu wenye matatizo kila siku, labda hajui kwamba mmoja yuko nyumbani kwake. Kama mtashindwa wenyewe, tafuteni mtu wa tatu ambaye si bosi wake, mchungaji mstaafu au mama wa nyumbani mnayemwamini wote wawili. Na muulize na yeye anaogopa nini. Sijamsikia kwenye barua yako hata mara moja akisema anaogopa, na mwanaume mwenye familia ugenini anayeulizwa abaki au aondoke lazima kuna kitu anakiogopa, pengine ni kurudi na kuulizwa kwani ulifanya nini huko.

Niandikie tena mwanangu, hata mistari miwili. Nataka kujua daktari alisemaje, na yule bibi wa ghorofa ya chini kama aliumaliza mtori.